Sauti Yangu Kwenye Filamu ya Samaki wa Kale

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole sana na kuuguza. Mimi mwili mzima, ila roho iko juujuu tangu dada Neema aliponiambia Baba anapasuliwa wiki ijayo na hataki jina langu litajwe. Simu zangu anakata, nawe unaogopa kupokea mbele yake. Ndiyo maana nimempa barua hii mama mmoja wa Muheza anayerudi nyumbani.

Kazi yangu hapa Beijing unaijua: kusoma maneno ya Kiswahili kwenye filamu za elimu. Nilipoona hii ya asili ya viumbe inaanza na silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa kwetu Tanga, niliwapigia kwa furaha mkae wote mtazame. Mkaita hadi wanakwaya. Kumbe najichimbia kaburi.

Mungu ni shahidi wangu, Mama, sikusema mtu alikuwa nyani. Nilisoma kwamba sisi na sokwe tuna wahenga wale wale wa zamani mno, kama mimi na watoto wa Shangazi tulivyo na bibi mmoja. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Lakini wenye filamu wana haraka. Mamilioni ya miaka wameyabana ndani ya nusu dakika: samaki anatambaa ufukweni, mara kenge, mara nyani, mara mtu na mkuki wake, ngoma zinalia. Na juu ya picha hizo, sauti ya mtoto wa mwinjilisti wa Pongwe! Nani angesikiliza maneno?

Neema anasema Baba alizima televisheni, akawaambia wageni, "Huyo babake ni mbega wa msitu wa Amani. Mimi simjui." Nilicheka, Mama, kisha nikalia mpaka jirani akagonga mlango.

Sauti yenyewe si ni ya Baba? Nani alinisimamisha kanisani nisome Neno, akinikaripia, "Toa sauti, wa nyuma wasikie!"

Nisalimie Neema, Shangazi, na mwalimu wa kwaya hata kama amenuna.

Mama, nakupigia magoti. Simtaki aikubali filamu. Kabla hajaingizwa kupasuliwa, mwekee simu sikioni. Sitataja samaki wala nyani. Nitasema, "Shikamoo, Baba," basi. Akiitikia marahaba, hata kwa kunong'ona, mimi niliye nyuma kabisa nitasikia.

Mwanao,
Elia