Bunduki Tatu za Kaka Ilias

Ngagara, Bujumbura
Jumapili

Kwa kaka yangu Ilias,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ile homa uliyoitaja imekwisha. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu, goti linamsumbua mvua ikinyesha, mengine ni sawa. Papa anauliza kila Ijumaa kama huko Zambia kuna baridi. Barua nampa Landry, yule wa meli ya saruji, ataifikisha bandarini Mpulungu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeelewa kwamba umeshindwa mtihani wa shabaha mara mbili, kwamba wa tatu ni baada ya Idi, na ukishindwa tena hutakuwa kiongozi wa wawindaji, utarudishwa jikoni mwa kambi moja kwa moja. Nimeelewa pia kwamba safari hii umeruhusiwa kuchagua moja kati ya zile bunduki tatu za risasi moja ulizonitumia picha, na kwamba unaona haya kuwauliza wenzako zinavyofanya kazi.

Maktaba ya shule yetu, lycée, haina kitabu cha mambo hayo. Nikaenda mtaa wa Asiatique kwa Mzee Shakuru, fundi wa vyerehani, ambaye ujanani alitengeneza bunduki za Wazungu waliowinda bonde la Rusizi. Nilipotamka neno lenyewe alitazama mlangoni, akaniambia mjini hapa neno hilo halisemwi kwa sauti, tuseme cherehani. Basi tukasema cherehani saa nzima. Mama Léocadie anayeuza vitenge mlango wa pili alitusikia, akasema kama kuna cherehani inayokunjika katikati, na yeye anaitaka.

Inayokunjika ndiyo ya kwanza kwenye picha zako. Unasukuma kitasa kwa dole gumba, mtutu unainama, unatia risasi, unafunga. Ni rahisi kusafisha. Lakini uliandika kwamba hiyo yenu inacheza kwenye bawaba, na Mzee anasema bawaba ikilegea, nyuma ya risasi panabaki nafasi, na moto unaweza kumrudia mpigaji. Hiyo iache.

Ya pili ina komeo, kama la mlango. Unainua mpini, unavuta nyuma, unatia risasi, unasukuma, unashusha. Ni imara, na Mzee aliisifu sana. Mpini wake uko upande wa kulia.

Ya tatu ina kipande kizito cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Chini, karibu na kifyatulio, kuna wenzo. Ukiushusha, kile chuma kinazama wima na tundu linaonekana. Unatia risasi kwa vidole, unapandisha wenzo, chuma kinarudi mahali pake. Mzee alisimamisha droo ya cherehani ili nione inavyopanda na kushuka.

Nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye daftari kwamba uchukue ya pili. Ndipo akaniuliza, "We mutoto, ndugu yako anaweka ku bega gani?"

Nikajibu la kulia. Akataka kujua risasi zinakwenda wapi. Nikamsomea ulivyoandika, kwamba zinapotea kushoto, na mwalimu wenu anakugombeza kwa kufunga jicho lisilopaswa kufungwa. Mzee akavua miwani.

"Iyo mutu ni wa kushoto," akasema. "Mulimufunza mukono. Jicho amukulifunza."

Kaka, kuna jambo sijawahi kukuambia. Unakumbuka madrasa, ubao wako ulikuwa safi kuliko wa wote. Siku moja mwalimu aliuliza darasani kwa nini wino wako hauchafuki, na wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nilikuwa na miaka saba na nilipenda kujibu maswali. Nikanyoosha mkono, nikaeleza kwamba Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo anayeandika kwa kushoto hapiti juu ya wino wake. Alinisifu kwa jibu. Kisha akakufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, hadi mwisho wa mwaka.

Ulidhani ni Hayat, kwa sababu mlikaa pamoja. Ukamwita mchongezi, na hadi leo humsalimu, naye ni binti wa mama yetu mdogo. Hayat alikuwapo, alinisikia, na hakunitaja. Nilimwambia jana kwamba nakuandikia. Akasema hakuna haja, ni mambo ya zamani. Mimi naona haja ipo.

Basi chukua ya tatu. Wenzo wake uko katikati, haubagui mkono. Weka bega la kushoto, funga jicho la kulia, fanya mazoezi kila siku kabla ya Idi. Kama kuna atakayekuuliza kwa nini, sema ndivyo ulivyozaliwa.

Wote hapa wanakuombea dua. Salamu za Hayat sikuzileta, kwa sababu hakunituma. Ukipenda, mwandikie mwenyewe. Hasira zako zielekeze kwangu.

Mdogo wako,
Houda