Saa Moja na Nusu Usiku

Jumatatu, 14 Januari 1974
Kahawa ya hapa Kabiria, Nairobi, ni maji ya kuoshea sufuria. Nimeinywa.

Barua ya Salim, ndugu yangu mdogo, kutoka London. Anahamia Blantyre kwa binti yake. Ataondoka usiku wa kuamkia Alhamisi, saa moja na nusu, ndege isiyotua njiani, na atangoja Nairobi muda wa saa tatu kabla ya kuunganisha ndege ya Blantyre. Moyo wake mbovu. Daktari hataki asafiri tena baada ya hapo. Miaka kumi sijamwona, tangu tutoke Unguja. Tumebakiwa na saa tatu hizo tu.

Jumanne, 15
Nimepima atlasi kwa uzi. Maili elfu nne na mia mbili na ushei. Ndege huenda maili mia tano kwa saa. Saa nane na nusu angani.

Salim amekaa mno na Waingereza. Barua iliyopita aliisifu hata chai yao. Mtu wa namna hiyo hahesabu tena kwa jua. "Saa moja" yake ni ya Kizungu, yaani saa saba yetu ya usiku. Saa saba na nusu, ongeza safari, ongeza saa tatu ambazo Nairobi imeitangulia London. Atatua saa saba mchana.

Jumatano, 16
Mjini, ofisi ya tiketi. Karani ni kijana wa Kangemi, tai nyekundu, Kiswahili cha kuokoteza. Safari ni "masaa nane na nusu". Mwavuli wangu ni "hii kitu yako".

"Ndege inafika kesho saa moja, mzee. Usichelewe."

Hakusema asubuhi wala mchana. Sikumuuliza, ningempa cheo. Hawa husoma moja kwenye karatasi ya Kizungu wakatamka moja. Basi ni saa saba. Hesabu yangu imethibitika.

Zuhura, mke wangu, ameshauri niende alfajiri nikangoje. Nikamwambia hesabu si mchele wa kukadiria kwa kiganja.

"Haya, mwalimu," akasema. "Ndege nayo umeifundisha?"

Alhamisi, 17
Uwanja wa ndege, Embakasi, saa sita na nusu mchana. Kanzu imepigwa pasi.

Ndege ilitua saa moja asubuhi. Salim aliondoka saa nne.

Msichana wa maulizo alinipa karatasi. Mwandiko umelegea, lakini ni wake. "Kaka Hamadi, nimekungoja mpaka saa nne kasorobo. Najua hukosi ila kwa sababu. Wanatuita."

Saa nne kasorobo. Ya kwetu, kama alivyohesabu mama. Miaka kumi London na hakuiacha. Karani naye alisema sawasawa. Mimi peke yangu ndiye niliyehesabu Kizungu.

Mjinga mkubwa. Mwalimu.

Ijumaa, 18
Nimeswali.

Jumapili, 20
Zuhura hajasema neno. Ningependa aseme.

Nimemwandikia Salim, Blantyre. Nilianza kwa gari lililoharibika njiani, nikachana. Nikaanza kwa homa, nikachana. Imebaki hivi: Nilidhani umebadilika.

Nimeifunga bahasha. Kesho naipeleka posta.