Sahani Nyeusi Uliyomtumia Mama

Nyumba Na. 14, ghorofa ya tatu,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu kutoka nyumba hii yenye ngazi nyingi. Habari za huko, na za kazi? Kile kifua cha baridi kimepona? Sisi wazima. Magoti yangu yanalalamika, lakini hayo tumezoeana, hayahesabiwi ugonjwa. Mama naye mzima, na barua hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Unajua kwamba tangu macho yake yapungue nuru na mkono wa gauni ushike moto, kaka mkubwa aliliondoa jiko la gesi. Alifanya kwa mapenzi, sikatai. Ila mtu aliyepikia kantini ya kiwanda miaka thelathini, ukimnyang'anya jiko, umemgeuza mgeni kwake. Alikaa dirishani akingoja kuletewa chakula, na kikiletwa anakidonoa tu. Kaka akaamua: akija Jumapili akakuta Mama bado hajipikii, anamhamishia kwake. Mama hakubisha. Alikunja nguo zake kitandani, akaziacha pale. Hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo kifurushi chako kikafika. Ile sahani nyeusi ya kukaangia chakula ndani ya maikrowevu niliipokea kifundi: nikaitazama juu, chini, nikaigonga, nikasema naijua. Karatasi ya maelekezo nikaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nikapanga vipande vya viazi, nikabonyeza. Vikatoka vimelegea kama kitambaa cha kudekia. Siku tatu mfululizo nimepika kitambaa cha kudekia.

Jumamosi Mama akauliza, palepale dirishani, kama sahani ilikuwa ya moto nilipoweka viazi. Nikamwambia baridi, moto utoke wapi. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu jiko liondoke. Akasema chombo baridi hakikaangi, kinatokosa; niipashe kwanza tupu. Nikamweleza, kwa utaalamu wangu wote wa kutengeneza redio, kwamba maikrowevu haiwashwi tupu hata siku moja, itaungua.

"Mwanangu," akasema, "tupu kivipi, na sahani imo ndani?"

Nikaenda kuinama chini ya meza. Karatasi ilikuwa na alama ya mguu, lakini inasomeka: sahani ipashwe peke yake dakika nne, kisha mafuta kidogo, kisha chakula. Sahani yenyewe ndiyo inayogeuka jiko.

Basi Jumapili kaka alipofika, begi la kubebea nguo mkononi, alimkuta Mama amesimama jikoni, glavu nene hadi viwiko. Nilikuwa nimembandikia shanga kwenye kitufe cha dakika ili vidole vikione. Alikibonyeza mara nne, akangoja sahani ipate moto. Akapaka mafuta kwa brashi, akalaza viazi kimoja kimoja kwa koleo, vikalia shwaa. Akafunga mlango, akategea sikio. Mdogo wangu, mimi nimekula kwa masikio yangu miaka ishirini, nikisikiliza redio mbovu, na pale nilisikia mvumo wa mashine tu. Yeye alisikia viazi chini ya mvumo. Mlio wao uliposhuka, akazima, akavigeuza. Hakimbii, hababaiki, hapapasi.

Kaka alikula kipande kimoja amesimama. Kilivunjika kwa sauti hata mimi niliyekuwa mlangoni nikakisikia. Akala cha pili. Begi akaliweka chini, akavuta kiti.

"Mama, viko vingine?"

"Viko. Ila kumenya umenye mwenyewe. Mimi mpishi."

Akamenya, mkurugenzi mzima, na tai yake. Jioni aliondoka na begi tupu, na zile nguo Mama amezirudisha kabatini. Jiko la gesi hakulirudisha, wala hakuombwa.

Nisalimie shemeji na watoto. Shangazi anakusalimu, na jirani yetu mshonaji pia, ambaye siku hizi hupanda ngazi kila sahani inapopata moto. Mola akulinde ugenini, na mkono uliotuma usikose cha kupokea.

Mama anasema asante, sahani ni nzuri. Ila umuulize huyo aliyeandika maelekezo alijifunza kupika kwenye kantini gani, maana anamshuku alijifunzia kwake.

Wako akupendaye, na siku hizi msomaji wa maelekezo,
Kaka yako Fundi