Nguzo Mabegani, Njia ya Ujiji

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Joto limenikaa kifuani, na hata kuku wa jirani wamenyamaza. Naandika ili mikono ipate kazi.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua mimi ni diwani, na mnajua napenda kusikika. Wiki iliyopita barazani nilisikika vizuri sana. Tulikuwa na mambo mawili mezani. La kwanza, umeme wa vitongoji vya magharibi: nguzo zimelundikwa kando ya lami tangu kiangazi, na lori haliwezi kuvuka mbuga kwa tope. La pili, vijana wetu wasio na ajira, wenye vyeti na wasio navyo, wanaoshinda vijiweni wakicheza drafti. Mhandisi akasema tusubiri kiangazi kingine. Afisa wa vijana akasema tusubiri mikopo. Nikasimama nikauliza, kwa nini vijana wasizibebe nguzo hizo mabegani, walipwe, na watu wapate taa kabla ya mavuno?

Meza ziligongwa. Tukasema ndiyo kwa sauti moja, isipokuwa diwani mmoja mzee, wa kata ya huko huko magharibi. Yeye aliuliza tu watapita njia ipi. Mhandisi akamjibu: ile ya zamani ya misafara, ya kwenda Ujiji, maana imepita juu na haishiki maji. Mzee akakunja miwani yake, akakaa. 

Niseme ukweli. Sikuwa nawafikiria vijana wote. Nilikuwa namfikiria mmoja, mdogo wangu Kulwa. Pacha wake, Doto, alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Nzega. Simu yake ilipatikana miezi michache, kisha ikawa haipatikani tena. Tangu hapo Kulwa naye amekuwa na mazungumzo ya kuondoka, na Mama hali vizuri. Nilitaka Kulwa apate kazi ya hapa hapa, arudi nyumbani na tope miguuni, achoke, alale. Basi.

Jana asubuhi walianza. Vijana kumi kwa kila nguzo, matambara mabegani, kelele na matani. Hatua zilipishana, nguzo zikayumba, nami nikawa napiga picha za kuweka hapa. Lami ilipoishia wakaingia njia ya zamani, na wimbo ukaanza.

Picha zile sikuziweka.

Kilikuwa Kinyamwezi cha kale ambacho mimi nilishika neno moja moja tu. Kinyamwezi cha Kulwa kinaishia kwenye mwangaluka, salamu ya asubuhi, lakini aliuimba wote bila kukwama. Miguu yao ikaanza kukanyaga pamoja. Nguzo zikaacha kuyumba. Wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya njia waliacha majembe, wakaingia majumbani mwao mmoja mmoja bila kuitana.

Kabla ya adhuhuri msimamizi wa kazi akanipigia simu. "Mheshimiwa, vijana wako wamegoma." Nikapanda bodaboda. Hawakuwa wamegoma. Walikuwa wametua nguzo zote kwenye kiwanja kidogo, karibu na mji kiasi kwamba kengele ya kanisa inasikika, na walikuwa wakikata matawi ya kujengea vibanda. Wachangamfu kabisa. Niliwauliza kwa nini wasirudi kulala kwao. Wakanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Dada, siku ya kwanza hatuendi mbali," Kulwa akasema.

"Nani kawaambia?"

Akainua mabega. Nikauliza nani alianzisha wimbo. Kila mmoja alisema aliupokea kwa aliyekuwa mbele yake. Kulwa naye alisema hivyo hivyo, na Kulwa ndiye aliyetangulia wote.

Nyumbani nilimsimulia Mama huku nikijitahidi kucheka. Alikuwa anachambua maharage. Alisema babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na wapagazi walikuwa na desturi yao: siku ya kwanza hulala karibu na nyumbani, ili aliyesahau kitu akifuate, na aliyebadili moyo arudi. Baada ya hapo harudi mtu. Kisha akaendelea na maharage yake. Kulwa hakuwahi kusimuliwa habari hizo. Hata mimi ndiyo kwanza nazisikia.

Leo mchana Kulwa alikuja. Alimwamkia Mama, akaingia chumbani, akatoka na koti la Doto, lililoning'inia nyuma ya mlango muda wote huu bila mtu kuligusa. Nikamwambia kazi yenyewe ni ya siku chache, koti la nini. Akasema huko asubuhi kuna baridi. Nikamuuliza huko wapi. Alinitabasamia kwa adabu, namna mtu anavyomtabasamia mgeni, akatoka.

Nilimpigia mwenyekiti wetu wa baraza, nikamwomba kazi isimamishwe. Alicheka, akanikumbusha kwamba hoja ilikuwa yangu.

Sasa hivi msimamizi amepiga tena. Alikwenda kunywa chai, na aliporudi kiwanja kilikuwa kitupu. Nguzo zote zimeondoka. Vijana hawajalipwa hata shilingi, na simu zao wameziacha juu ya majani, zimepangwa mstari. Mashimo ya nguzo za kwanza yamechimbwa mbele kidogo ya hapo. Wameyapita.

Kazi niliyoitafuta ili Kulwa abaki ndiyo iliyomchukua. Naogopa. Nina hasira pia, na sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Nimevaa viatu. Nimeamua kuwafuata kabla giza halijaingia, nimshike mdogo wangu mkono nimrudishe, hata kama watu watanicheka. Lakini Mama ametandika mkeka kizingitini, akalala akaziba mlango mzima. Hajasema niende wala nibaki. Amesema tu, bila kufungua macho, kwamba alikuwa na watoto watatu.

Mtu hamruki mama yake, hilo tumelelewa nalo. Na kila dakika ninayosimama hapa, Kulwa anazidi kwenda.

Nimruke?