Ukingo wa Viondo vya Gatina

Mama,

Naandika kwenye daftari lako, kuanzia pale ulipoishia. Nimeweka herufi kubwa kubwa kama zako. Mwanzoni sikujua ulikuwa umefika wapi na kusoma. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani Mashimoni Jumamosi iliyopita, kutaka kujua.

Daftari nililipata chini ya godoro nikikunja nguo zako, tuliporudi kutoka kukuzika Kitui. Ndani umeandika, "Baba anapanda basi. Bibi anapika uji." Mwandiko umelala upande, wa mtu wa mkono wa kushoto. Nilikaa nalo kitandani nikishangaa. Miaka yote mimi ndiye niliyekusomea meseji za simu, tena haraka haraka, nikikata maneno kwa sababu cherehani ilikuwa inaningoja. Ukiuliza, "Ni hayo tu?" nasema ni hayo tu. Na kila Jumamosi unajifunga leso, unasema unaenda maombi Kawangware. Maombi gani hayo yanayotaka kalamu, Mama?

Kwenye jalada kulikuwa na muhuri wa kanisa moja la Gatina, huko huko Kawangware. Nikaenda. Ukumbini nilikuta wazee na kina mama wamebanana kwenye mabenchi, kumbe ni gumbaru, masomo ya watu wazima. Karo hakuna. Sheria yao ni moja: anayejifunza kitu, naye afunze kitu. Mzee mmoja fundi wa viatu anajifunza hesabu, halafu anafunza kushona soli. Wewe ulikuwa ukimaliza kusoma unafunza kusuka viondo, vile vikapu vyetu vya Kikamba. Wewe, uliyekuwa ukiniambia hujui kitu.

Nilipojitaja, Mwalimu Akinyi, mama mstaafu anayejitolea pale, alivua miwani. "Wewe ndiye Mwende? Tumekungoja sana."

Wakanitolea viondo vyao, wakaanza kunionyesha wanavyosuka. Nilicheka, Mama, mara ya kwanza tangu tukuzike. Wote wanasuka kwa mkono wa kushoto. Nikawauliza mbona wanajitesa. Mama Nafula, mmoja wa wanafunzi wako, akanitazama kama mtu aliyeonewa. "Si nyinyi Wakamba ndio mnasukanga hivyo?"

Na vyote vilikuwa vimeishia njiani, havina ukingo, nyuzi zinaning'inia. Wanasema walikusumbua uwaonyeshe kufunga, ukakataa kabisa. "Hiyo ya juu atawafunza Mwende." Hata ulipoanza kuumwa ulisema hivyo hivyo.

Nilipokuwa mdogo, ukingo ulikuwa kazi yangu. Nilipofika Nairobi sikumwambia mtu kwamba najua kusuka, niliona ni ushamba. Uliniambia mara ngapi, "Twende maombi," nikasema nina kazi? Na hata ungenieleza ukweli, ningekataa. Ulinijua. Inaniuma kwamba ulinijua hivyo na bado ukaniwekea nafasi.

Vidole vilikumbuka vyenyewe. Nilifunga kimoja, cha Mama Nafula, naye akakitia begani akazunguka nacho ukumbi mzima, akapita mbele ya kila benchi.

Nitarudi kila Jumamosi mpaka vyote vifungwe, na vikiisha nitarudi tu. Nakuahidi. Mwalimu ameniuliza mimi nitajifunza nini, kwa maana sheria ni sheria. Sijaamua. Nimeanza kutamani kila kitu, hata soli za viatu.

Kabla sijaondoka nilimuuliza ulikuwa umefika wapi na kusoma. Akasema Jumamosi yako ya mwisho ulisoma meseji nzima kwenye simu, polepole, ukifuatisha kwa kidole. Ni ile ya dada yako. Mimi nilikuambia anakusalimia tu. Kumbe alikuwa ameandika pia kwamba amekukumbuka, kwamba anaota mnachota maji pamoja mkiwa wasichana. Ukasoma yote, ukarudi nyumbani, na hukunisema.

Nisamehe. Lala salama, Mama. Hii sijakata neno hata moja. Jisomee.

Mwende