Nukta Ndani ya Duara Langu

Jumanne, Juni 1995. Likoni.

Mvua imetupiga tangu alfajiri na mtaa wetu wa Bofu wote ni tope. Nina hasira.

Miaka mitatu iliyopita alikuja daktari mgeni kwenye maabara ninakofanya kazi, akitafuta ukoo wenye upofu wa kurithiana. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwetu. Kwetu watu huzaliwa na macho mazima. Wakikaribia thelathini huanza kupapasa jua likizama, na miaka michache baadaye hawaoni kabisa. Baba, Mungu amrehemu, alipofuka hivyo. Shangazi Mwanasiti naye ndivyo alivyo sasa.

Niliwatoa damu jamaa zangu arobaini. Wa arobaini na moja nilikuwa mimi, na aliyenitoa ni Rukia, mwenzangu wa maabara. Damu ikawekwa kwenye barafu, ikapelekwa Ulaya ili wasome herufi za urithi, moja baada ya moja, waone ipi imekosewa.

Shangazi aliuliza jambo moja tu. "Na majibu, mwanangu, yatarudi?"

"Wallahi yatarudi," nikamwambia.

Niliapa. Kwa niaba ya mtu nisiyemjua.

Leo mchana nilifungua kabati la Rukia kutafuta sindano, nikakuta jarida la wanasayansi. Ndani yake mchoro wa ukoo mmoja wa Likoni, watu arobaini na moja waliotolewa damu, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, bila jina hata moja. Vipofu wamepakwa weusi. Wanaoona bado lakini wameirithi ile herufi mbovu wametiwa nukta katikati.

Nikamtafuta baba. Nikampata, mraba mweusi uliokatwa mstari wa marehemu. Chini yake watoto wawili tu, duara na mraba. Mimi na mdogo wangu Salim.

Vyote viwili vina nukta.

Rukia aliingia na vikombe viwili vya chai. Nikamwonyesha ukurasa.

"Ulijua?"

Aliviweka vikombe mezani. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Daktari aliniandikia pamoja na jarida hilo, akasema nisiwaambie, maana dawa hakuna. Nami nilikuonea huruma, dadangu. Nilikuwa nakuona unacheka, nikashindwa."

Kabla ya Ramadhani! Tumefuturu sinia moja mwezi mzima. Ameniuliza mara ngapi nitaolewa lini, nitazaa wangapi, huku akijua. Daktari ni mtu wa mbali, amepata alichokitaka akaenda zake. Lakini Rukia?

Nilichukua jarida nikaondoka, chai nikaiacha.

Salim alikuwa nyumbani anakula. Yeye ni dereva wa trela, hupakia Changamwe na kupeleka bara, na kesho ilikuwa zamu yake ya kuondoka.

"Dada, mbona umenyamaza? Kuna nini kazini?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

Nililisema hilo nikajisikia kinyaa. Ndivyo alivyofanya Rukia, kila siku, miezi yote hiyo.

Nikaketi mbele yake nikamfungulia jarida. Nikamweleza mraba ule ni nani na nukta ile ni nini. Aliacha kula. Akautazama ukurasa kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, kama anayeungama:

"Magharibi hizi naendesha kwa kubahatisha, dada. Naona taa tu, barabara siioni. Nilijiambia ni uchovu."

Nikalifunga jarida.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi."

Akanishika mkono. Tulikaa hivyo hadi muadhini alipoadhini.

Kesho Salim hapandi trela. Tutakwenda kwa Shangazi kwanza, nimwambie kwamba majibu yalirudi zamani na yakafichwa. Kisha nyumba zote nilizoingia na sindano. Wengine watanilaumu, na wana haki.

Keshokutwa nitarudi kazini. Rukia atanisalimia kama kawaida yake, na sijui kama ulimi wangu utakubali kumwitikia.