Daftari la Choo

Shoga, huwezi kuamini! Msimamizi kasoma daftari la choo mbele ya mafundi wote!

Lile alilomwanzishia dada yangu peke yake. Kila akitoka aandike saa na sababu, eti anategea kazi. Eti dawa kanywa mwezi mzima, mbona haponi? Daktari kashasema vidonda vya utumbo mpana haviishi, vinatulizwa kwa dawa kila siku. Lakini msimamizi ndiye bingwa!

Kaanza kwa mbwembwe: "Saa tatu, damu. Saa nne kasoro robo, damu. Saa nne na nusu, damu..." Akakatiza hapo, akamgeukia dada. Kasoma MWENYEWE, shoga!

"Mbona hukuniambia?"

Dada hata cherehani hakusimamisha.

"Nimekuambia kila siku. Na kila jioni ukatia sahihi."